Vita vya Kibao cha Cherehani

Mtaani kwake walimwita Bi Mkasi. Wateja wapya walidhani jina limetokana na kazi yake ya kushona. Waliowahi kumletea kitambaa cha sketi na kudai gauni zima walijua limetokana na ulimi. Katika maisha yake yote nyuma ya cherehani ya miguu hakuwahi kumwogopa mwenye nyumba, wala afisa wa leseni, wala bibi harusi aliyenenepa baada ya kupimwa. Alimwogopa mtu mmoja tu, na mwenyewe hakuwa hata wa kutisha: fundi friji mwembamba, mpole, soksi zimetoboka vidole gumba, aliyemwoa binti yake.

Si kwamba alipenda. Mkwe ni mkwe. Humkemei, humtumi, humuulizi alikuwa wapi. Ukiwa na neno unamwambia mwanao, mwanao amfikishie, na mwanao akiwa kazini unaliambia sufuria, yeye akisikia basi. Naye mkwe akitaka kukujibu anainamisha kichwa, anasema "ndiyo mama," kisha anakwenda kufanya kile kile alichokuwa amepanga kufanya. Hiyo inaitwa heshima, na kuna nyumba zimesimama juu yake miaka mingi bila mtu hata mmoja kujua mwenzake anawaza nini.

Basi, Bi Mkasi akavunjika mguu. Hakugongwa na gari wala hakuanguka kutoka juu ya paa, ambavyo vingekuwa visa vya kumsimulia mtu. Aliteleza bafuni, kwa sabuni yake mwenyewe. Binti yake, muuguzi wa chumba cha upasuaji, akamhamishia kwake mpaka mfupa uunge. Na kwa kuwa chumba kisicho na mtu ni mwaliko kwa wezi, cherehani nayo ikahama. Kichwa kilifungwa shuka kikawekwa juu ya kabati. Miguu yake ya chuma, pamoja na kile kibao cha kukanyagia, ikatupwa stoo.

Mguu ulipopona, kalenda nayo ilikuwa haijalala. Shule zilikaribia kufunguliwa, na huo ndio msimu wake: sketi za sare, kaptula za sare, mashati yanayoletwa asubuhi yakitakiwa jioni ile ile. Isitoshe, ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wake, alikuwa amefungua mshonaji mwingine mwenye cherehani ya umeme. Bi Mkasi aliwahi kuziona kazi zake. Mapindo yalikwenda kama mtu anayetoka kilabuni. Lakini mteja hana dini: akivuka barabara mara moja akahudumiwa, mara ya pili miguu inavuka yenyewe.

"Nataka kurudi kwangu," akamwambia binti yake. "Nitolee chuma changu stoo."

"Mwambie mkweo, mama. Mimi nawahi zamu."

Akaenda stoo mwenyewe, fimbo mkononi. Alikuta ndoo, feni bovu na matairi mawili. Chuma chake hakikuwepo. Kutoka chumba cha mbele kilikuja kishindo cha mapanga yanayokata hewa, na sauti ya mwanamume mzima ikisema, "Nimepigwa, nimepigwa."

Chumba cha mbele kilikuwa nusu sebule, nusu karakana. Friji mbili zisizo na milango zilisimama ukutani kama watu waliofumaniwa wakioga. Katikati palikuwa na meza yenye kompyuta, na mbele yake kiti kilichong'olewa kwenye gari. Mkwe alikuwa amekaa hapo, spika masikioni na nyingine kubwa mezani, mkono wa kulia umeshika fimbo ya kuongozea, wa kushoto umeshika breki ya mkono ya gari, ambayo sasa ilikuwa imepandishwa cheo kuwa mtambo wa kupaa na kushuka. Na miguu yake, zile soksi zilizotoboka, ilikuwa juu ya kibao cha cherehani.

Kibao kilikuwa kimegeuzwa ubavu. Akikanyaga kwa mguu wa kushoto, wa kulia unainuka. Akikanyaga wa kulia, wa kushoto unainuka. Kutoka hapo nyaya zilikwenda kwenye kitufe cha redio ya zamani, kisha kwenye kompyuta.

Mkwe akamwona. Akavua spika. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Wote wawili wakakitazama kibao. Kwenye kioo cha kompyuta, helikopta isiyo na mtu wa kuishika ilijipinda kwa utaratibu, ikaanguka, ikaungua.

"Kilikuwa kimekaa tu, mama," mkwe akasema.

Bi Mkasi akaigeukia friji iliyokuwa karibu. "Na mimi nilikuwa nimekaa tu," akaiambia. "Nashukuru sijafungwa nyaya."

Mkwe akajieleza, kichwa chini. Helikopta, mama, si kama ndege nyingine. Mapanga ya juu yakizunguka huku, mwili wenyewe unataka kuzunguka kule, na kinachouzuia ni mkia, na mkia unaendeshwa kwa miguu. Bila kibao inazunguka kama pia ya mtoto. Angekirudisha, aliapa kwa karakana yake. Vita vikiisha tu.

"Vita gani tena?" Bi Mkasi akaiuliza friji.

Vita vilikuwa hivi. Wanaume kadhaa wenye akili timamu, kila mmoja nyumbani kwake, walikutana mwisho wa juma kwa njia ya mtandao na kupigania nchi isiyokuwepo. Mkuu wao aliitwa Kanali. Siku za kazi Kanali aliuza magodoro: anabembeleza watu walale vizuri, mwisho wa juma anawalipua. Walikuwa na helikopta ya kizamani na sheria ya kizamani: hakuna satelaiti ya kukuonyesha ulipo. Ni ramani ya karatasi, dira na saa ya mkononi. Kwa nini wajitese hivyo wakati teknolojia ipo? Mkwe alisema ndipo ilipo raha yenyewe. Bi Mkasi, aliyekanyaga cherehani kwa mguu miaka yote kwa sababu hakuwa na ya umeme, hakupata kujua kuwa alikuwa akistarehe.

Kazi ya mkwe ilikuwa kubeba askari, kuwapitisha katikati ya milima na kuwashusha kwenye uwanja wa ndege wa adui. Uwanja ukitekwa, vita vimekwisha. Lakini rubani hawezi kusoma ramani, maana mikono na miguu yake yote ina kazi. Anahitaji mwongoza njia wa kukaa naye ubavuni. Alikuwepo, kinyozi wa mtaa wa pili, lakini mke wa kinyozi alikuwa amempa mumewe nafasi ya kuchagua, na kinyozi, baada ya kufikiri kwa muda uliomuudhi zaidi mkewe, alichagua ndoa.

"Na asipopatikana mwingine?" akauliza Bi Mkasi.

"Basi vita vitasimama hapo hapo, mama."

"Na kibao?"

"Nacho kitasimama hapo hapo."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bi Mkasi alivuta kigoda cha kinyozi, akakaa, akatoa tepu yake ya kupimia shingoni na kuitandaza juu ya ramani. "Haya," akasema. "Tunakwenda kumuua nani?"

Somo la kwanza lilimchukua mchana mmoja. Ramani alielewa upesi kuliko mkwe alivyotegemea, kwa kuwa ramani ni patroni tu, ile karatasi ya kukatia nguo: hapa pamekatwa, hapa pamekunjwa, hapa usiguse. Dira ilimsumbua kidogo. Mkwe aliposema "tufuate nyuzi tisini," aliuliza ni nyuzi za rangi gani. Umbali aliupima kwa tepu na kuugeuza dakika, na njia akaichora kwa chaki ya kushonea, mstari mweupe kati ya milima. Adui alikuwa kileleni na makombora. Kwa hiyo ilibidi kupita chini, ndani ya mabonde, pale asipoona.

Jumamosi wakaruka.

Mwanzo ulikwenda vizuri, kwa kuwa ulikuwa tambarare. Kisha mabonde yakaanza.

"Mama, samahani," mkwe akasema. "Hapa tunafuata wapi?"

"Baba, kwa ninavyoona mimi, na sikatai kwamba wewe ndiye mwenye chombo..."

"Hapana mama, wewe sema tu."

"Siwezi kukupangia, baba. Ila kama ingekuwa mimi, na kama wewe huoni vibaya, hicho kilima kilichoko hapo mbele..."

"Kilima kipi, mama?"

Kilima kikajibu chenyewe. Kioo kikawa chekundu, halafu cheusi.

"Kuna nini huko?" ikauliza sauti ya Kanali spikani.

"Tumegonga mlima," mkwe akasema.

"Hamkuuona?"

Mkwe akamtazama mama mkwe wake kwa pembe ya jicho. "Tulikuwa tunauzungumzia," akasema.

Jumapili wakarudia. Bi Mkasi hakulala vizuri; alikuwa ameamua maneno yawe machache na alama ziwe kubwa. Alitafuta kwenye ramani kitu ambacho hata kipofu angekiona, akapata daraja refu juu ya mto. Ukifika darajani, kata kushoto. Ni lugha ya mtu yeyote anayemwelekeza mgeni: nenda, utakuta daraja. Wakakwenda. Mto ukaonekana, mrefu na mweupe, wakaufuata.

"Bado daraja, mama?"

"Bado, baba. Liko mbele."

"Ndiyo, mama."

Wakakwenda. Saa ya mkononi ikasema daraja limeshapita. Bi Mkasi akaitikisa saa. Wakazidi kwenda, mto ukapanuka, milima ikapungua, na taa moja nyekundu ikaanza kuwaka mbele ya mkwe.

"Hiyo taa ni ya nini, baba?"

"Ni mafuta, mama. Si kitu."

Hakikuwa kitu mpaka mapanga yaliposimama. Helikopta ikatua majini pamoja na askari wote, ambao hakuna aliyekuwa amewauliza kama wanajua kuogelea.

"Mmefika baharini," Kanali akasema, akiwa na ramani yake mbele. "Mlipaswa kukata kushoto zamani."

"Tulikuwa tunatafuta daraja," mkwe akasema.

"Daraja lipi? Lile si tulilivunja mwezi jana? Si wewe uliyelivunja?"

Katika mchezo wa watu hawa kilichovunjwa hakisimami tena mpaka vita vimalizike, na ramani ilikuwa ya kabla ya vita. Hilo Bi Mkasi angeweza kulimeza. Lililomkwama kooni ni jingine. Akaiweka chaki chini.

"Baba, zile nguzo tulizozipita, zilizosimama mtoni peke yake..."

"Ndiyo, mama."

"Lilikuwa ndilo."

"Ndiyo, mama."

"Na ulijua."

Mkwe akainamisha kichwa. "Ulisema bado, mama. Ningekujibuje?"

Binti yake alikuwa ameingia kutoka zamu, viatu mkononi, na alikuwa ameegemea friji akisikiliza. Alicheka mpaka akakaa chini, jambo ambalo halikumfurahisha mtu yeyote.

"Nyinyi mtauana kwa adabu," akasema.

"Tumeshauana mara mbili," mumewe akamjibu.

"Sisi kule chumba cha upasuaji, mtu yuko mezani tumbo wazi, unadhani daktari ananiambia samahani dada, kama huoni tabu? Ananyoosha mkono, anasema mkasi. Nampa mkasi. Akikosea, namwambia umekosea, siyo huo. Tukitoka nje tunasalimiana vizuri, tunaulizana habari za watoto. Mle ndani hakuna mkubwa. Kuna mgonjwa."

"Huyo ni daktari," akasema Bi Mkasi. "Huyu ni mume wako."

"Juu ya kigoda hicho hana mke, mama. Na wewe huna mkwe. Mkishuka mtarudishiana ukoo wenu."

Ikawa sheria ya nyumba. Juu ya kigoda, neno moja likitosha yasisemwe mawili, na mwongoza njia akisema, rubani anatenda. Akiwa na hoja ataitoa wakishatua. Mkwe aliikubali haraka. Bi Mkasi aliikubali kwa mdomo. Wiki nzima alijizoeza na vyombo vya jikoni. "Shuka," aliliambia birika. "Kushoto," aliuambia mlango. Birika na mlango havikuwa vimemwoa mwanawe, kwa hiyo ilikuwa rahisi.

Ijumaa zikamfikia habari. Mteja wake wa tangu enzi, mama wa mabinti watatu, ambaye Bi Mkasi alimshonea sare yake mwenyewe alipokuwa mdogo, alikuwa amevuka barabara. Sketi tatu zote. Wengine walikuwa bado wanasubiri, lakini Jumatatu shule zinafunguliwa, na hakuna mzazi anayempeleka mtoto shuleni na kanga kiunoni kwa ajili ya kumheshimu mshonaji. Ikiwa atakuwa na Jumapili nzima ya kushona, ataokoa nusu. Asipokuwa nayo, afadhali auze kichwa cha cherehani kwa mkwe akakigeuze bunduki.

Jumamosi akakaa kigodani kabla ya rubani kufika.

"Shikamoo, mama."

"Washa."

Mkwe akawasha.

Walipaa. Bi Mkasi hakuangalia mandhari. Jicho moja lilikuwa kwenye ramani, jingine kwenye saa, na ulimi, uliokuwa kifungoni tangu siku ya mahari, ulianza kunyoosha viungo.

"Mbele. Mbele. Shuka. Shuka tena, unapenda kuonekana? Hivyo. Kulia kidogo. Nimesema kidogo."

"Upepo unatusukuma."

"Basi elekea kushoto upepo ukulete. Mbele. Nguzo hizo hapo. Kushoto."

Wakaingia bondeni. Kuta za mlima zilipita pande zote mbili, karibu kiasi cha kuhesabu mawe. Kanali alianza kusema kitu spikani, Bi Mkasi akamwambia anyamaze, na Kanali, ambaye jeshi zima lilimwogopa, akanyamaza.

Kisha bonde likagawanyika. La kulia lilikuwa pana, lina nyasi na mwanga. La kushoto lilikuwa jembamba, lina giza na lilijikunja kama utumbo.

"Kushoto," akasema Bi Mkasi.

"Hapatoshi," akasema mkwe.

"Panatosha. Nimepima. Kushoto."

"Mapanga yatagusa, mama, naomba radhi, mimi naona la kulia ndiyo..."

Ule "naomba radhi" ndio ulioharibu mambo. Bi Mkasi aliuona mlima wa Jumamosi iliyopita ukija tena, na nyuma ya mlima mabinti watatu wakivuka barabara na sketi zenye mapindo ya walevi.

"Kushoto, mpumbavu wewe," akasema. "Kushoto."

Mguu wa kushoto wa mkwe uliteremka juu ya kibao kabla kichwa chake hakijaelewa. Helikopta ikajipinda, ikaingia gizani. Nyuma yao, kwenye lile bonde pana lenye nyasi, moshi wa makombora mawili ulipita mahali ambapo wangekuwa. Mkwe aliacha kubishana. Alikwenda alikoambiwa, akainama alipoambiwa, na bonde lilipofunguka uwanja wa ndege ulikuwa pale chini, umetulia, hauna habari. Wakatua. Askari wakashuka wakikimbia. Dakika chache baadaye maandishi makubwa yakajaza kioo, na spikani wanaume wazima wakaanza kushangilia kama waliopata watoto wa kiume.

Chumbani hakuna aliyeshangilia. Mkwe alivua spika polepole. Bi Mkasi alikunja ramani, akaikunjua, akaikunja upya.

Kuna maneno ukimtamkia mkwe wako, wazee hukaa kikao. Yeye alikuwa ameyatamka huku jeshi zima likisikiliza.

"Baba," akaanza.

"Hapana mama, ni sawa."

"Si sawa."

"Ungesema hivyo Jumamosi iliyopita, tungekuwa hai."

Walikuwa karibu kucheka, na pengine wangecheka, kama Kanali asingeingilia.

"Kazi nzuri, rubani. Mpe hongera mwongoza njia wako, ni hatari huyo. Haya, kama kawaida: kesho mchana tunaanza vita vipya. Hivi ni vya jangwani. Usichelewe."

Bi Mkasi aliigeukia friji kwa mazoea. Halafu akaghairi, akamgeukia mkwe mwenyewe, uso kwa uso, kwa mara ya kwanza tangu harusi.

"Kama kawaida," akasema.

Mkwe akatazama soksi zake.

"Vita vikiisha tu, uliniapia. Na vikiisha vinaanza vingine."

"Vya jangwani ni vyepesi, mama. Hakuna milima. Wewe na mimi, kwa tulivyoelewana leo, wiki tatu tu..."

Siku nyingine Bi Mkasi angeinama, angesema "haya baba," na angekwenda kuliambia sufuria mambo ambayo hata sufuria lisingependa kuyasikia. Lakini adabu ni kama kitambaa: ukishakikata hakirudi kuwa jora. Alikuwa bado juu ya kigoda. Alinyoosha mkono, kiganja juu.

"Spana," akasema.

"Mama..."

"Spana."

Mkwe akainuka kwenye kiti cha gari, akafungua sanduku la vifaa, akampa spana. Aliyoitoa ilikuwa ndogo.

"Siyo hiyo," akasema Bi Mkasi.

Akampa nyingine. Kisha, kwa kuwa hakuna mwanamume anayeweza kusimama akimtazama mama mkwe wake akifungua nati mwenyewe na mguu uliounga juzi, akaichukua mikononi mwake, akapiga magoti, akaanza kufungua. Nyaya zikang'oka moja moja. Kwenye kioo, helikopta ilikuwa imekaa uwanjani kwa heshima zote za mshindi.

Walipakia chuma kwenye gari la kazi jioni hiyo hiyo, kati ya mtungi wa gesi na friji ya mteja. Njiani mkwe alimwita mama na yeye alimwita baba, kama kawaida. Ila alipotaka kupita barabara ya sokoni, Bi Mkasi alimwambia "kulia," naye akakata kulia.

Jumapili alishona tangu alfajiri. Kibao kilikuwa kimezoea vita. Kilikaza upande mmoja, na mpaka saa nne alikuwa ameshakitukana hadi kikanyooka. Wateja walifika, si wote. Mama wa mabinti watatu naye alikuja, saa ya mchana, akisimama mlangoni kana kwamba anapita tu, na sketi mkononi.

"Bi Mkasi, umerudi? Mimi sikujua, wallahi. Nikashona kwa jirani, sasa tazama hili pindo."

Bi Mkasi alilitazama. Alilitazama kwa muda wa kutosha mtu kujuta.

"Ulikuwa wapi siku zote hizi?" mama yule akauliza, ili aseme kitu.

"Vitani," akasema Bi Mkasi. "Kaa hapo kwenye benchi. Una watu wanne mbele yako."